Jumba la Carson mjini Eureka: Nyumba, Msitu na Watu Walioondolewa

Kaskazini mwa jimbo la California, ukingoni mwa Ghuba ya Humboldt, uko mji wa Eureka. Mahali ambapo Barabara ya Pili inakutana na Barabara ya M, juu ya kilima kidogo kinachoitazama ghuba, limesimama jumba la mbao ambalo kila anayeliona kwa mara ya kwanza hujiuliza lilifikaje hapo. Mnara wake umevizidi urefu vyote vilivyo jirani, paa lake limekatikakatika kwa vilele na pembetatu, baraza zake zimezungukwa na nguzo zilizokerezwa, na ni vigumu kupata sehemu ya ukuta iliyoachwa bila nakshi. Jengo la aina hii mtu hulitarajia katika jiji kubwa lenye mabenki na mahakama, si katika mji ambao sensa ya mwaka 1880, miaka minne kabla ya ujenzi kuanza, iliukuta na wakazi 2,639 tu.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba tajiri mmoja, William Carson, alikuwa na fedha nyingi akapenda kuonekana. Jibu hilo si la uongo, ila haliwezi kutueleza kwa nini utajiri huo ulipatikana hapo, kwa nini ulichukua sura ya mbao zilizochongwa badala ya mawe au matofali, na kwa nini jumba hili limebaki wakati maelfu ya mengine yamebomolewa. Ninavyoona mimi, jumba hili lilikuwa bidhaa ya Eureka na tangazo la bidhaa hiyo kwa wakati mmoja. Haliwezi kueleweka bila kuielewa biashara ya mbao, na biashara hiyo haielezeki kwa haki bila kuwataja watu walioondolewa kwa nguvu katika miaka ileile ambayo mji ulikuwa unastawi.

Tuanze na sura ya jengo lenyewe. Nyumba za namna hii huitwa nyumba za enzi ya Victoria, ingawa Victoria, aliyekuwa malkia wa Uingereza tangu 1837 hadi 1901, hakuwahi kuitawala Marekani. Jina lake linataja kipindi, na ndani ya kipindi hicho mna mitindo mingi iliyofuatana na kuchanganyika. Mtindo unaotawala katika Jumba la Carson ni ule unaoitwa wa Malkia Anne, naye alifariki mwaka 1714, na majengo ya wakati wake hayafanani na haya hata kidogo. Mtindo huo ulibuniwa Uingereza karne moja na nusu baadaye na wasanifu kama Richard Norman Shaw, ukavuka bahari katika miaka ya 1870, na Wamarekani wakaugeuza kuwa mtindo wa mbao, wenye minara, baraza pana na kuta za maumbo mengi. Jumba la Carson limeongeza juu yake madirisha na vishikizo vya paa vya mtindo wa Kiitalia, na nakshi zilizopewa jina la Charles Eastlake. Huyo Eastlake alikuwa Mwingereza aliyewashauri watu wapende fanicha sahili zenye ufundi wa kweli, na alipopata habari za yale yaliyokuwa yakijengwa California kwa jina lake, aliyakana hadharani. Mchanganyiko huu haukutokana na kutojua. Wasanifu wa jumba hili waliijua kila mitindo hiyo kwa jina na kwa vipimo, nao waliichanganya kwa makusudi.

Kabla ya Eureka kuwapo, ardhi yote inayoizunguka Ghuba ya Humboldt ilikuwa ya Wawiyot, waliokaa katika vijiji vya kando ya maji na kuishi kwa samaki, chaza na wanyama wa msituni. Mwaka 1849 kundi la watafuta dhahabu likiongozwa na Josiah Gregg liliifikia ghuba kwa kupitia nchi kavu, na mwaka uliofuata wageni wakaanzisha miji kadhaa ufukweni, Eureka ukiwa mmojawapo, kwa lengo la kupeleka vyakula na vifaa kwenye machimbo ya dhahabu ya mto Trinity. William Carson alikuwa miongoni mwa waliofika mwaka huo wa 1850. Alizaliwa mwaka 1825 katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, eneo la misitu, kwa hiyo kazi ya mbao aliijua tangu ujana. Alikwenda machimboni kama wenzake, lakini utajiri wake haukutoka huko.

Miaka kumi baadaye yalitokea mauaji ambayo kila historia ya mji huu inapaswa kuyaeleza. Katika ghuba, ng'ambo kidogo tu ya mji, kipo kisiwa kilichokuwa na kijiji cha Tuluwat, ambako Wawiyot walikusanyika kila mwaka kwa ibada ya kuifanya dunia kuwa mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 1860, ibada ikiwa imefanyika na wanaume wengi wakiwa wameondoka, kundi la walowezi lilivuka kwa mashua likiwa na mashoka na visu, likawaua waliolala. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Vijiji vingine vilishambuliwa siku hizohizo. Bret Harte, aliyekuwa mwandishi kijana katika gazeti la mji jirani, aliyalaani mauaji hayo kwa maandishi na ikambidi ahame. Hakuna aliyeshtakiwa. Wawiyot walionusurika walihamishwa na kutawanywa, na kisiwa chao kikaja kuwa mahali pa kutengenezea meli. Ardhi ambayo biashara ya mbao ilihitaji ilikuwa sasa mikononi mwa walowezi.

Mbao zenyewe zilitoka kwenye misekwoya ya pwani, miti inayoota katika ukanda mwembamba wenye ukungu kutoka California ya kati hadi mpakani mwa Oregon. Hakuna mti mrefu kuuzidi duniani. Baadhi hupita mita 100, na mti mmoja unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Mbao zake ni nyekundu, hazishambuliwi kwa urahisi na wadudu wala kuoza, hazina utomvu mwingi, hupasuka kwa mstari ulionyooka na huchongeka bila kupinda. Ila ukubwa huohuo uliowafurahisha wafanyabiashara ndio uliowashinda mwanzoni, kwa kuwa viwanda vya kwanza vya kupasua mbao kwenye ghuba havikuwa na misumeno ya kumudu magogo ya unene ule, na vilipasua miti midogo ya aina nyingine. Carson anatajwa kuwa mmoja wa waliopeleka San Francisco shehena za mwanzo za mbao za sekwoya, mwaka 1854. Mwaka 1863 aliungana na John Dolbeer, na kampuni yao, Dolbeer na Carson, ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za mbao katika pwani hiyo.

Kazi ya msituni inafaa kuelezwa kwa kina, kwa sababu ndiyo iliyolipia kila nakshi ya jumba. Wakataji wawili walisimama juu ya vibao vilivyochomekwa shinani, mita kadhaa kutoka ardhini, wakalikata shina kwa shoka na msumeno wa mikono kwa siku nzima au zaidi. Kabla mti haujaanguka ilibidi waandae kitanda cha matawi na udongo mahali utakapolalia, maana mti mzito namna hiyo ukianguka juu ya jiwe au kisiki hupasuka vipande visivyo na faida. Baada ya hapo gamba lilibanduliwa, takataka zikachomwa, na magogo yakavutwa na jozi nyingi za maksai juu ya njia iliyotandikwa miti na kupakwa maji au mafuta, hadi mtoni au kwenye reli fupi iliyoelekea ghubani. Kasi ya biashara nzima ilikuwa kasi ya maksai. Mwaka 1881 Dolbeer, aliyekuwa na elimu ya ufundi wa meli, aliunda mashine ambayo watu waliiita punda wa mvuke, na mwaka 1882 akapewa hataza yake. Ilikuwa na boila la wima, injini ya silinda moja na ngoma ya kuzungushia kamba nene. Mtu alifunga kamba kwenye gogo, mwendesha mashine akaizungusha ngoma, gogo likaburuzwa hadi njiani, kisha farasi akairudisha kamba msituni. Mashine hii iliwezesha kuvuta magogo katika mabonde na miteremko ambayo maksai hawakuweza kuyafikia, na ikaharakisha sana ukataji wa msitu.

Kutoka ghubani mbao zilisafiri kwa bahari. Eureka haikuunganishwa na reli ya kwenda San Francisco hadi mwaka 1914, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 60 kila ubao uliouzwa nje na kila bidhaa iliyoletwa kutoka mbali ilipita kwenye mlango wa ghuba, mahali penye mawimbi na mchanga unaohamahama palipozamisha vyombo vingi. Kampuni ilimiliki merikebu zake yenyewe. Mojawapo, Wawona, skuna ya milingoti mitatu iliyoundwa mwaka 1897 ng'ambo ya ghuba katika karakana ya Hans Bendixsen, ilidumu hadi ikavunjwa mjini Seattle mwaka 2009.

Sasa swali la nakshi. Watu hudhani kwamba mapambo mengi namna hii ni kazi ya wachongaji wachache waliokaa miaka na patasi zao. Ndani ya jumba ipo kazi ya mikono ya hali ya juu, lakini wingi wa mapambo ya enzi hii ulitokana na mashine. Misumeno ya mvuke yenye meno membamba iliweza kukata maua na mizunguko katika ubao kwa dakika chache, na mashine za kukerezea zilitoa nguzo kwa mamia zikiwa na umbo moja. Misumari ya kiwandani na fremu za mbao nyembamba ziliwawezesha maseremala kuchomoza chumba hapa, kuongeza mnara pale na kukunja paa kila upande, mambo ambayo mjenzi wa mawe au wa magogo mazito angeyafanya kwa gharama kubwa mno. Vitabu vya michoro navyo vilizisambaza fasheni hizi haraka. Ndugu wawili, Samuel na Joseph Cather Newsom, wasanifu wa San Francisco waliozaliwa Kanada, walichapisha kitabu chao cha nyumba za California mwaka 1884, mwaka uleule waliouanza ujenzi wa nyumba ya Carson. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaifahamu kanuni inayofanya kazi hapa: katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizopatikana. Eureka walikuwa na mti uliowapa ubao mrefu na mpana kadiri walivyotaka, wenye kuchongeka kwa wepesi, na viwanda vya kuukata vilikuwa chini ya kilima. Kwa hali hiyo, kujizuia kungekuwa ndilo jambo la kushangaza.

Ujenzi ulichukua muda kuanzia 1884 hadi 1886, na mafundi zaidi ya 100 walishiriki. Simulizi inayorudiwa sana mjini inasema kwamba Carson alijenga ili wafanyakazi wake wasikose kazi wakati soko la mbao lilipolegea. Siikatai moja kwa moja, kwa sababu mafundi zaidi ya 100 ni watu wengi katika mji wa ukubwa ule, na mishahara yao ilibaki madukani mwa Eureka. Hata hivyo, ukitazama orodha ya vifaa unaona kuwa nia ya hisani haitoshi kulieleza jumba. Mbali na sekwoya za nyumbani, ziliagizwa futi 97,000 za mahogani nyeupe kutoka Amerika ya Kati, mawe ya oniksi kutoka Mexico, na mbao nyingine kutoka Ufilipino na nchi za mashariki. Anayetaka tu kuwapa watu wake kazi ya msimu mmoja haagizi mbao kutoka ng'ambo ya Pasifiki. Aliyekuwa akijenga hapa alitaka mnunuzi, mbia au mwenye benki aliyeshuka bandarini aone, kabla hajazungumza na mtu, nini kinachoweza kufanywa kwa mbao na kwa mafundi wa mji huu. Jumba linatazama upande wa kiwanda na maji, na meli zilizoingia kupakia mbao ziliweza kuuona mnara. Si lazima tuchague kati ya hisani, fahari na biashara. Yote matatu yaliweza kukaa katika kichwa cha mtu mmoja, lakini biashara ndiyo iliyoamua vifaa na mahali.

Katikati ya miaka hiyohiyo ya ujenzi, mji ulifanya jambo lingine ambalo maelezo ya watalii huliruka. Eureka ilikuwa na mtaa wa Wachina, watu waliofanya kazi za kufua, kupika, kulima mboga na kujenga reli, waliolipa kodi za juu kwa vibanda vilivyojengwa mahali penye maji machafu. Jioni ya tarehe 6 Februari 1885, wakati wa kurushiana risasi kati ya watu wawili katika mtaa huo, risasi moja ilimwua David Kendall, diwani wa mji, aliyekuwa akipita. Mamia ya wazungu walikusanyika usiku huohuo. Baadhi walidai Wachina wote wauawe. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kuwafukuza wote. Mti wa kunyongea ulisimamishwa uonekane, kamati ikapita nyumba kwa nyumba, na siku iliyofuata watu zaidi ya 300, ambao hawakuhusika na risasi ile kwa namna yoyote, wakapakiwa katika meli mbili zilizokuwa zikienda San Francisco. Walipofungua kesi dhidi ya mji, iliyojulikana kwa jina la Wing Hing na iliyodai dola 132,820, hawakupata fidia. Kwa miongo mingi baadaye, machapisho ya kuutangaza mji na wilaya yake yalijivunia kwamba hapakuwa na Wachina.

Sina sababu ya kumtaja Carson kama mshiriki wa tukio hilo, na sifanyi hivyo. Ninalolisema ni kwamba jengo na tukio ni vya wakati mmoja na mji mmoja, vikitenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, na mwongozo unaosifu ustadi wa mafundi wa mwaka 1885 bila kutaja kilichowapata wakazi wengine wa mji mwaka huohuo unampa msomaji nusu ya habari. Nguvu iliyoijenga Eureka ilikuwa na pande zote mbili, na haikuwa siri kwa walioishi wakati huo.

Baada ya 1886 historia ya familia inaweza kusimuliwa kwa ufupi. Mwaka 1889 Carson alimjengea mwanawe mkubwa, Milton, nyumba ya zawadi ya harusi upande wa pili wa barabara, kwa michoro ya ndugu Newsom vilevile. Nyumba hiyo ndogo zaidi, ambayo leo imepakwa rangi ya waridi, inapendwa na wapiga picha karibu kama jumba lenyewe. Dolbeer alifariki mwaka 1902, Carson mwaka 1912. Warithi waliendelea na kampuni hadi mwaka 1950, walipoiuza kwa Kampuni ya Mbao ya Pacific, na jumba nalo likauzwa kwa dola 35,000 kwa kikundi cha watu wa mjini waliotaka kuliokoa. Wakalifanya klabu ya wanachama na kuiita Ingomar, jina la ukumbi wa maonyesho ambao Carson aliujenga na kuupa jina la mhusika wa tamthilia aliyoipenda.

Bei hiyo inaeleza mengi kuhusu namna nyumba hizi zilivyothaminiwa wakati huo. Katikati ya karne ya ishirini, nyumba za enzi ya Victoria zilionekana kuwa mzigo: kuzipasha joto ni ghali, kuzipaka rangi hakuishi, na familia zenye watumishi wengi zilikuwa zimetoweka. Katika majiji yaliyokuwa yakikua zilibomolewa kwa mitaa mizima ili kupisha maduka, maegesho na barabara kuu. Eureka ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu haikukua kwa kasi, na ardhi ya katikati ya mji haikuwa na thamani ya kumfanya mtu aharakishe kubomoa. Ndivyo ilivyokuwa pia Ferndale, mji mdogo zaidi ulio jirani, ambako nyumba za fahari zilijengwa kwa faida ya maziwa na siagi. Ari ya kuzihifadhi ilikuja baadaye: sheria ya taifa ya kulinda majengo ya kihistoria ilipitishwa mwaka 1966, na chama cha urithi cha Eureka kikaundwa mwaka 1973.

Msitu haukupata bahati ya namna hiyo. Katika misekwoya ya kale iliyokuwapo pwani kabla ya 1850, iliyobaki bila kukatwa ni takribani asilimia 5, na sehemu kubwa yake ni ile iliyonunuliwa na wahifadhi tangu 1918 au kuwekwa katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1968 na kupanuliwa mwaka 1978. Mbao pana zisizo na fundo zilizotumika katika Jumba la Carson hazipatikani tena sokoni kwa urahisi, jambo ambalo kila fundi anayekarabati nyumba za enzi hiyo hukabiliana nalo. Mara nyingi hutafuta mbao kutoka katika majengo yaliyobomolewa. Wawiyot kwa upande wao walianza kukirudisha kisiwa chao kidogo kidogo. Mwaka 2000 walinunua ekari moja na nusu mahali pa kijiji, wakasafisha sumu zilizoachwa na karakana ya meli, mwaka 2004 mji ukawapa ekari nyingine zipatazo 40, na mwaka 2014 ibada iliyokatizwa mwaka 1860 ikafanyika tena. Tarehe 21 Oktoba 2019 mji wa Eureka uliwarudishia sehemu yote iliyobaki ambayo ulikuwa unaimiliki.

Jumba lenyewe bado ni mali ya klabu, ambayo imelitunza kwa fedha za wanachama wake, na umma hauruhusiwi kuingia ndani. Wageni hulitazama kutoka Barabara ya M, wakiwa na nyumba ya Milton upande wa pili. Anayetaka kujua mpangilio wa ndani anaweza kutumia kumbukumbu na picha zilizokusanywa na mpango wa serikali wa kuandikisha majengo ya kihistoria, ambazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani na ziko wazi kwa yeyote kuzisoma.